Obsidiani ya Pasifiki: ukali wake hautoshi kueleza safari zake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu zana za mawe ilieleza kwamba watu wa kale wa visiwa vya Pasifiki walisafirisha obsidiani, yaani kioo cha volkeno, kwa sababu ilikata kuliko mawe mengine. Ukali upo, hatubishi. Ni lava yenye silika zaidi ya asilimia 70, iliyopoa upesi kabla ya kuganda chembechembe, kwa hiyo hupasuka kama kitako cha chupa na kuacha ukingo unaonyoa ndevu. Lakini ukingo huohuo humeguka mara ugusapo mti mgumu. Kuangusha miti na kuchonga mitumbwi kulifanywa kwa tezo za mawe ya kusuguliwa na za makombe.

Tazameni ramani. Machimbo makubwa yalikuwa Talasea, katika kisiwa cha New Britain, na kisiwa cha Lou karibu na Manus, yote Papua New Guinea ya leo. Yapata miaka 3,000 iliyopita watu wa utamaduni wa Lapita, wale wa vyungu vilivyopigwa chapa za kifaa chenye meno kama kitana, walifikisha jiwe la Talasea visiwa vya Reef na Santa Cruz, mashariki ya visiwa vya Solomon, karibu kilomita 2,000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya reli ya Tabora hadi Dar es Salaam, tena baharini. Vipande vyake vimepatikana hadi Fiji upande wa mashariki na Borneo upande wa magharibi.

Sasa, kitu adimu kilichotoka mbali hutumiwa kwa ubahili: kibanzi hunolewa tena na tena mpaka kibaki kama ukucha. Huko Reef haikuwa hivyo. Vibanzi vilitupwa vingali vinafaa, bila kubaniwa zaidi ya mawe ya jirani. Zaidi ya hayo, visiwa vya Banks, kaskazini mwa Vanuatu, vina obsidiani yao, si safi kama ya Talasea lakini ni karibu mno kuliko Talasea, na iliyotumika ni chache sana. Kama shida ingekuwa kukata tu, hesabu hiyo haiingii akilini. Waliolileta jiwe walikuwa wakishikilia uhusiano na ndugu waliobaki walikotoka. Sisi wa Unyamwezi tusipate taabu kuelewa: jembe la chuma lililotolewa mahari lililima, ndiyo, ila hakuna mkwe aliyelipokea kwa sababu alikosa cha kulimia.

Ushahidi mzito zaidi ni wa zamani kuliko Lapita. New Britain, kabla ya mlipuko mkubwa wa volkeno ya Witori, mafundi walitengeneza zana kubwa zenye kikonyo, yaani shina jembamba la kushikia la jiwe lilelile. Kazi hiyo haimsamehe mzembe. Pembe ya kupigia lazima iwe chini ya nyuzi 90. Ikizidi, nguvu hufia ndani na kibanzi hukatika katikati kama ngazi. Kikonyo nacho ndipo zana huvunjikia, baada ya saa nyingi za kazi. Nyingi kati ya hizo hazina alama ya kutumika. Zilikuwa za kuonwa na kupewa mtu.

Matumizi ya mwilini nayo msiyaache. Vibanzi kutoka Nanggu, visiwa vya Solomon, vyenye umri wa miaka kama 3,000, vilichunguzwa kwa hadubini, vikalinganishwa na vingine vilivyojaribiwa kwenye ngozi ya nguruwe kwa ngeu, yaani udongo mwekundu, na mkaa. Mikwaruzo, damu na rangi ya ukingoni vilionyesha kazi ya kuchora tatuu kwenye ngozi ya mtu. Hapa ndipo wachimbaji wengi wa mambo ya kale huharibu: wakiosha kibanzi kwa brashi, damu na rangi huondoka, na kinachobaki ni kioo tu. Kifungwe peke yake, na udongo wake.

Kujua chimbuko hakuhitaji kukivunja. Mashine ya eksirei hupima rubidiamu, stronshiamu na zikoniamu, na kila chimbo lina uwiano wake. Kipande kiwe na upana wa sentimita moja na unene wa milimita mbili au tatu. Kikiwa chembamba zaidi, miale hupenya na vipimo hudanganya. Rangi isiaminiwe kamwe. Weusi wa Talasea na wa Lou machoni ni ule ule.

Mwisho, picha mliyoiweka juu ya maneno "zana ya Lapita" ni ya mata'a, zana ya obsidiani yenye kikonyo, ya Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka). Watu wa Lapita hawakufika huko. Kisiwa hicho kina machimbo yake, likiwemo la Orito, na kilikaliwa zaidi ya miaka 1,500 baada ya Lapita kwisha. Tunaomba mrekebishe.

Walimu wa historia,
Tabora