Pesa ya ubao wa theluji ianzie miguuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie wasomaji walioko kwenye baridi ya ng'ambo, hasa jimbo la Minnesota, ambako Wakenya na Watanzania si wachache na watoto wao wameshaanza kuulizia vilima vya kuteleza kwenye theluji vya Buck Hill na Afton Alps. Kila ikikaribia Novemba kosa ni lile lile. Mzazi au kijana anaona tangazo la ubao wa theluji (snowboard) wa mtumba wenye michoro ya kuvutia, dola 80 pamoja na vifungio vyake, anaukimbilia kabla mwingine hajaupata. Buti linatafutwa mwisho kwa chenji iliyobaki, au linaazimwa kwa binamu ambaye mguu wake "unakaribiana". Hapo mambo yamegeuzwa miguu juu kichwa chini, na ndiyo sababu wengi hukata tamaa siku ya kwanza.

Seti kamili ni vitu vitatu: mabuti, vifungio vinavyoshika mabuti juu ya ubao, na ubao wenyewe. Unaosamehe zaidi ni ubao. Ukizidi urefu kwa sentimita tatu utakusumbua kidogo tu. Buti lililozidi nusu saizi halisamehi. Ubao hugeuzwa kwa kukandamiza vidole au kisigino, na kisigino kikinyanyuka ndani ya buti, unachokandamiza ni hewa.

Kwa hiyo buti kwanza, na liwe jipya. Pima mguu jioni ukiwa umesimama juu ya karatasi, kisigino kimegusa ukuta, kisha weka alama mbele ya kidole kilichotokeza zaidi. Urefu huo kwa sentimita ndio saizi halisi ya mabuti haya. Huitwa mondo na huandikwa kwenye lebo ya buti. Mondo 27 ni saizi 9 ya kiume ya Marekani, yaani 42 ya Ulaya. 28 ni 10, yaani 43. Usiende na namba ya raba zako, kwa kuwa wengi wetu huvaa raba zilizozidi bila kujua.

Ukilivaa na kulifunga, simama wima: vidole viguse mbele kidogo tu, kama vinabisha hodi. Kunja magoti, vidole virudi nyuma viache kugusa. Sasa jaribu kuinua kisigino huku umekunja magoti. Kikipanda zaidi ya nusu sentimita, rudisha buti hilo rafuni. Kaa nalo dukani robo saa nzima ukitembea. Sehemu inayofinya dukani itawaka moto kilimani. Na hapa ile desturi yetu ya viatu vya shule, kununua kikubwa kwa kuwa "atakua tu", inaumiza. Mtoto mwachie sentimita moja, isizidi. Mtu mzima asiachiwe hata hiyo, maana buti lina soksi nene ya sponji ndani, na sponji hiyo hulegea baada ya siku chache za kuteleza. Buti lililokukaa vizuri kabisa dukani litakuwa limepwaya kufikia Januari. Ndiyo maana pia buti la mtumba silipendekezi: sponji yake imeshashika umbo la mguu wa mwenzako.

Soksi iwe pea moja, nyembamba, ya sufu, inayopanda hadi chini ya goti. Anayetoka nchi ya joto huvaa mbili au tatu akiogopa baridi, kisha anashangaa vidole vinakufa ganzi. Soksi za ziada hubana mguu, damu haipiti vizuri, na ile hewa kidogo ambayo ingetunza joto inaondoka. Suruali ya ndani nayo isichomekwe ndani ya buti, kunjo lake moja linatosha kukuachia alama kwenye muundi wiki nzima. Kuhusu kufunga, yapo mabuti ya kamba za kawaida, ya kamba za kuvuta mara moja, na ya kirungu cha kuzungusha kinachokaza waya, ambayo huitwa Boa. Yote yanafaa. Kamba ikikatika unapata nyingine duka lolote. Waya ukikatika unahitaji vipuri vyake.

Kabla ya kununua ubao, kodi siku tatu. Vilima vingi huuza kifurushi cha anayeanza, chenye somo, tiketi ya lifti na vifaa pamoja, na hakuna njia nyingine ya bei nafuu ya kujua kama mchezo wenyewe unakupenda. Kwa mtoto anayekua, kuna maduka yanayokodisha seti kwa msimu mzima. Hilo ni bora kuliko kununua kila mwaka. Mtu mzima anayekwenda chini ya siku tano kwa mwaka aendelee tu kukodi, lakini awe na buti lake mwenyewe.

Sasa ubao. Tangazo litakwambia urefu, na watu watakwambia usimamishe ubao uone kama unafika kidevuni. Kanuni hiyo ni ya zamani na ni dhaifu, kwa sababu ubao hausikii kimo chako, unasikia uzito. Kila mtengenezaji ana jedwali la uzito kwa kila urefu. Litafute kwa jina la ubao na mwaka wake, kisha anayeanza achague urefu wa chini katika nafasi aliyopangiwa. Mtu wa kilo 75 mara nyingi huangukia kati ya sentimita 153 na 158.

Kipimo kinachosahaulika ni upana wa kiunoni, yaani pale katikati ubao unapokuwa mwembamba. Ukiwa mwembamba mno kwa mguu wako, ncha ya buti itagusa theluji unapoegemea upande wa vidole, na ubao utakurusha kifudifudi. Buti likitokeza sentimita moja hadi mbili kila upande, si tatizo. Anayevaa zaidi ya saizi 10 ya kiume ya Marekani kwa kawaida anahitaji ubao mpana, wenye herufi W baada ya namba ya urefu. Muulize muuzaji kipimo hicho kwa milimita, na asipojua mwambie apime kwa rula akutumie picha.

Ugumu hupimwa kwa namba 1 hadi 10. Anayeanza akae kati ya 2 na 4. Umbo liwe pacha, pua na mkia sawa, ili usihangaike kujua mapema kama utatanguliza mguu wa kushoto au wa kulia. Vifungio hugeuzwa tu. Kisha kuna mkunjo. Ubao wa kemba hubinuka juu katikati na hung'ata barafu vizuri. Wa roka hubinuka kama mtumbwi, huelea kwenye theluji laini na hausumbui mwanzoni. Hapa mahali unapoishi pana maana kubwa. Vilima vingi vya Minnesota ni vifupi, mwinuko wake ni kama mita 100, na sehemu kubwa ya theluji yake hutengenezwa kwa mashine, hukanyagwa na kuganda. Mbao za roka tupu zinazouzwa rahisi na watu wanaohama kutoka Colorado au Utah zilitengenezwa kwa theluji ya unga inayofika magotini. Minnesota zitateleza kama sabuni. Tafuta mchanganyiko: kemba chini ya miguu, roka kidogo kwenye pua na mkia. Na anayepanga kusafiri ajue kwamba Alta na Deer Valley huko Utah, pamoja na Mad River Glen huko Vermont, haziruhusu kabisa mbao za theluji, ni skii tu.

Ukiuona ubao wa mtumba, ugeuze kwanza. Tumbo lake likiwa limepauka, jeupe jeupe kama goti lisilopakwa mafuta wakati wa kipupwe, usiogope: linataka nta tu, na ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe. Mikwaruzo ya juu juu nayo huzibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Kasoro ya kweli ni shimo lililofika ndani mpaka nyuzi au mti wa ndani vinaonekana, kwa sababu maji yameshaingia. Pitisha kucha kwenye kingo za chuma pande zote. Kutu ya juu hutoka kwa jiwe la kunolea; ufa kwenye chuma, au chuma kilichoachana na tumbo, ni wa kukataliwa hata kama ubao ni wa bure. Bonyeza pua na mkia kwa dole gumba usikie kama tabaka zinaachana. Mwisho chukua skrubu moja uizungushe kwa mkono katika kila tundu la vifungio lililo juu. Tundu ambalo skrubu inazunguka tu bila kushika limeliwa meno, na kulitengeneza kutagharimu kuliko ubao. Zile mbao za plastiki za duka la vitu vya watoto zisizo na kingo za chuma ni za kuchezea uani. Vilima kadhaa vyenye lifti havitaziruhusu.

Vifungio vya mtumba vinafaa, mradi visizidi miaka kumi. Plastiki huzeeka na kukakamaa, na hukatika siku ya baridi kali, ubao ukiwa kwenye mwendo. Funga na fungua mkanda mara kumi: meno yakiruka, utepe wake umekwisha, lakini huo ni wa bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika mbili. Ufa kwenye bamba la chini kuzunguka sahani ya katikati inayopitishwa skrubu hauna dawa. Njoo dukani na buti lako, maana kifungio cha saizi M cha kampuni moja si M ya nyingine.

Linalowakwamisha wengi ni matundu. Mbao nyingi zina matundu yaliyopangwa kwa jozi, sahani ya skrubu nne hukaa bila shida. Mbao za sasa za Burton zina mfereji badala ya matundu, na za zamani za kampuni hiyo zina matundu ya pembetatu yanayotaka sahani ya skrubu tatu. Ulizia kabla ya kulipa. Vivyo hivyo vifungio vya Step On, visivyo na mikanda: vinataka buti lake maalumu, na buti la kawaida halitaingia hata ulibembeleze. Skrubu ni za M6, mara nyingi urefu wa milimita 16. Ndefu kupita kiasi huinua uvimbe chini ya ubao. Fupi hushika meno mawili matatu kisha hung'oka. Kaza kwa bisibisi ya msalaba namba 3, kwa mkono, ukivuka kona kwa kona, usikaze kwa hasira, kwa sababu tumbo la ubao hubonyea. Pembe za kuanzia za vifungio ni nyuzi 15 kwa cha mbele, na cha nyuma nyuzi 9 kikiangalia nje, miguu upana wa mabega.

Kofia ngumu inunuliwe mpya, yenye alama ya ASTM F2040 au EN 1077. Ya baiskeli haifai, na ya mtumba huwezi kujua imeshagonga nini. Anayeanza huanguka akitanguliza mikono, na jeraha la kawaida kuliko yote kwake ni la kifundo cha mkono. Vikinga vya vifundo ni dola 25 hivi, nafuu kuliko plasta ya hospitali ya Marekani.

Kwa mwenye dola 500 hesabu inakaa hivi: buti jipya la msimu uliopita 150, ubao na vifungio vya mtumba 200, kofia 60, miwani 30, vikinga 25. Zinabaki 35 za nta na kikwaruzo cha plastiki. Bei hizo hupatikana Machi na Aprili maduka yanapofuta msimu, na Oktoba kwenye minada ya mitumba ya michezo ya theluji. Mavazi nayo yatoke kwenye mitumba, isipokuwa pamba, ambayo ikilowa haikauki upesi.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa Wazungu. Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwenye skii huko Nagano mwaka 1998, katika Olimpiki ile ile ambayo ubao wa theluji ulishindaniwa kwa mara ya kwanza. Tulifika Olimpiki pamoja na ubao huo.

Nta ipakwe kila baada ya siku nne hivi za kuteleza. Pasi ya zamani isiyo na mvuke inatosha, ila isirudi tena kwenye nguo. Nta ikitoa moshi, punguza moto. Idondoshe, isambaze bila kusimamisha pasi mahali pamoja, ngoja nusu saa ipoe, kisha ikwarue kutoka puani hadi mkiani. Ukitoka kilimani, futa kingo za chuma kabla ubao haujaingia kwenye buti la gari, toa soksi za ndani za mabuti zikauke mbali na hita, na shika tena bisibisi, kwa sababu skrubu zote nane hulegea siku ya kwanza.

Fundi wa vifaa vya theluji,
Minneapolis