Shoga, nitafutie koti

Mikindani

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum, habari za Dar, watoto wazima? Huku tupo, bibi anakusalimia, goti bado linamsumbua. Nisamehe kimya, tangu msiba wa kwa kina Hadija nilikuwa shambani kwenye korosho, hela za mnada ndo zimeingia juzi.

Sasa sikia, Januari naenda Norwei, Tromsø, kwa Rukia! Anajifungua na hana mtu, mi ndo mama yake mdogo, namuachaje? Viza nimeshaomba, bima tu wanataka isiyopungua yuro 30,000, nimelipa. Kinachonikosesha usingizi ni jua. Huko halichomozi tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari! Rukia anasema sio giza totoro, mchana panakuwa kama alfajiri, masaa machache, halafu basi. Nikamuuliza adhuhuri nitaijuaje, akasema msikiti upo, na kuna wanaofuata saa za Makka, nikatulia kidogo.

Baridi naiweza naona, Januari ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unapita baharini kwao hata bandari haigandi. Ila nivae. Yale makoti mazito kwenye marobota yenu ya mitumba ambayo hayapati mnunuzi, niwekee moja refu lisilopitisha upepo, na nguo za ndani za sufu, sufu kweli shoga sio pamba, maana pamba ikishalowa jasho inakugandisha. Eti wenyewe vichanga wanawalaza nje kwenye vigari! Wetu halali nje, nishamwambia Rukia.

Alafu hilo jua, mjini linaonekana tena tarehe 21 Januari maana milima inalikinga, wana siku yake kabisa, wanakula maandazi yenye jamu ndani. Nataka siku hiyo nimpakate mtoto dirishani, jua lake la kwanza alione mikononi mwangu. Nikiwaza hivyo hofu inapungua.

Mzigo unafungua lini? Buti namba 39 zitapatikana? Hela nitume kwenye namba ile ile? Na we ulivyoishi kwenye baridi ya Makambako miguu ulikuwa unaifanyaje usiku? Naweza kulala kwako siku mbili kabla ya ndege?

Wako,
Somoe