Vidole vyangu vimeliwa na korosho

Mhariri,

Ile habari yenu ya benki kujisifu kwamba siku hizi mteja akiweka kidole tu anajulikana, imenichefua. Nasoma gazeti lenu tangu nikiwa binti na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja.

Mimi ni mbanguaji wa korosho hapa Newala. Aliyeifanya kazi hii anayajua mafuta ya ganda: yanachoma, ngozi inababuka, unapaka majivu, kesho unarudi palepale. Vidole vyangu leo ni laini kama mgongo wa kijiko. Msimu uliopita nilikwenda kutoa hela zilizoingizwa kupitia chama chetu cha msingi. Dole gumba, halisomi. Cha shahada, hakisomi. "Jifute, mama." Nikajifuta kwa khanga. Vyote kumi, patupu! Basi yule kijana wa dirishani, badala ya kuniita pembeni, akapaza sauti nyuma ya kioo: nitaje namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), jina la mama mzazi, na mara ya mwisho nilitoa shilingi ngapi. Nami ilibidi nijibu kwa kupaza vilevile, maana kioo hakisikii, na foleni ya msimu wa korosho mnaijua. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Umri niliowaficha wenzangu wa kikundi miaka yote, wameupata bure! Halafu ananiambia haitoshi, nilete barua ya mtendaji.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, na imeanza kutumika Mei 2023. Pale dirishani haijafika.

Barua yenyewe ikadai kopi ya kitambulisho. Steshenari kopi ya kwanza ikatoka nyeusi; kijana akaitupa kwenye boksi ambalo wauza karanga hujichotea karatasi. Jioni ileile mjukuu wangu kaniletea karanga za mia mbili, zimefungwa kwenye sura ya mzee nisiyemjua, namba zake zote zinasomeka. Nimeichoma ile karatasi. Yangu sijui inafungia nini.

Benki nazishauri zichukue alama za vidole vya miguu, hivyo havibangui korosho. Wakiona tabu kutuvua viatu, basi watenge kona moja yenye pazia. Khanga ya pazia nitatoa mimi.

Mbanguaji,
Newala, Mtwara