Kabla hujampigia kura meneja wa mji

Mafinga, Februari

Rafiki yangu mpendwa,

Kamwene. Barua yako nimeipata. Sisi huku wazima, mvua zimekuwa nzuri na mahindi yameanza kubeba.

Umenieleza kwamba Jumanne ya kwanza ya Machi, kwenye mkutano mkuu wa mji wenu huko Vermont, Marekani, mtapiga kura kuamua kama mtaajiri meneja wa mji, yaani mtaalamu wa kulipwa atakayesimamia kazi za mji kila siku. Na kwa kuwa sisi tumeishi na wakurugenzi miaka yote, unataka nikushauri. Jibu langu ni hili: mkubali, lakini kwanza hakikisha mnajua nani anamwajiri na nani anaweza kumwondoa.

Haja ya kuwa naye naiona. Watu watano wa bodi yenu inayoongoza mji wana kazi zao mchana, halafu jioni wanakaa kujadili chumvi ya kumwaga barabarani, bima, mishahara, na kalavati lililosombwa na maji. Majirani wema wakichoshwa hivyo, mwisho hakuna atakayetaka kugombea. Nimesoma kwamba huko Marekani jambo hili lilianzia Staunton, Virginia, mwaka 1908, na likapata nguvu baada ya mafuriko ya Machi 1913 kuipiga Dayton, Ohio. Mwaka uliofuata Dayton ikawa na meneja wake. Ninawaelewa kabisa. Mji uliofunikwa na maji unahitaji mtu anayejua kazi na anayeamka asubuhi kuifanya.

Sasa tazama kwetu Tanzania. Mafinga ilipopata halmashauri ya mji mwaka 2015, ilipata na Mkurugenzi wa Mji, kama miji mingine yote. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Yeye ndiye mtendaji mkuu, na ndiye katibu wa baraza la madiwani. Madiwani tunawachagua sisi, wao wanamchagua mwenyekiti wao, wanapitisha bajeti na kudai taarifa kila robo mwaka. Lakini wakimchoka mkurugenzi hawawezi kumwondoa. Watapitisha azimio la kutokuwa na imani naye, kisha watasubiri uamuzi wa aliyemteua.

Kuna mji mmoja wa nyanda hizi, sitautaja, ambao mkurugenzi wake alilivalia njuga suala la soko. Aliwaita wafanyabiashara, wakakubaliana namna ya kugawana vizimba, wakakubali kupisha ujenzi. Mkeka wa uteuzi ukatoka, akahamishwa. Aliyekuja akaanza upya, kwa ramani nyingine na orodha nyingine ya majina. Mama lishe na wauza nyanya waliopisha wakabaki kando ya barabara kuu masika yote, na turubai juu ya vichwa vyao. Madiwani waliwatetea kwa nguvu, na ninawaheshimu kwa hilo, ila hawakuwa na rungu. Hasira iliyonipata siku zile haijaniisha, kwa sababu wakurugenzi wote wawili walikuwa watu wasomi na wachapakazi. Utaalamu walikuwa nao. Walichokosa ni sababu ya kumwogopa muuza nyanya.

Lingine ambalo watu hawalisemi sana ni la mkutano mkuu. Kijijini, mkutano mkuu wa watu wazima wote una nguvu kweli kweli. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano kuridhia. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kijiji hicho kikimezwa na mji kikawa mtaa, mikutano inaendelea kuitishwa, lakini habari za viwanja zinahamia kwa wataalamu wa halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa anabaki kusuluhisha ugomvi wa mipaka na kuandika barua za utambulisho. Wazee wengi walishangilia mji kufika bila kuambiwa kwamba hilo nalo linaondoka.

Ndiyo maana nakuonea wivu mwema. Kwa sheria ya Vermont, meneja anaajiriwa na bodi mnayoichagua, anafanya kazi chini ya usimamizi wake, na bodi inaweza kumwondoa kwa kura ya wengi ikiwa na sababu. Bajeti bado mtaipigia kura ninyi wenyewe ukumbini. Sisi hatujawahi kupata mtaalamu wa namna hiyo, anayejua kwamba mwajiri wake anakaa mtaa wa pili.

Kwa hiyo simama siku hiyo, hata kama lafudhi yako wataigeukia. Uliza ni mikataba ya kiasi gani meneja ataweza kusaini bila bodi. Uliza fundi wa greda atakayefukuzwa kazi atakata rufaa kwa nani. Uliza kama mji unaweza kurudi ulikotoka baada ya miaka mitatu, na kwa utaratibu gani. Wakijibu vizuri, nyosha mkono wa ndiyo. Wakikwambia hayo yatapangwa baadaye, mimi ningekataa mwaka huu na kudai yaletwe kwa maandishi mkutano ujao.

Niandikie mara tu kura zikihesabiwa, unieleze na nani alisema nini. Wasalimie wanao na shemeji.

Ni mimi rafiki yako wa Mafinga