Risiti zote zipo, ngoma hazina ngozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo kwenye mkutano mkuu wa chama chetu sikulisema. Siku hiyo mdomo ulikuwa umejaa pilau.

Mimi ni mpiga ngoma, mwanachama wa chama kimoja cha wasanii wa maonyesho hapa Dar es Salaam: wacheza ngoma, wanasarakasi na waigizaji wachache. Chama ni chetu wenyewe. Kimesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kina katiba, viongozi tunawachagua, na kikundi kikipata onyesho la kulipwa kinakatwa asilimia 10. Mwaka jana makato hayo na ada vilifika shilingi 6,420,000. Kwa watu wanaoishi kwa kusubiri harusi na sherehe za kitaifa, hizo si hela za kuchezea.

Taarifa ya mhazini niliisoma nyumbani, siku tatu baada ya kuipitisha kwa makofi. Kamati tendaji ina wajumbe tisa. Imekaa vikao 11, kila mjumbe posho 20,000 na nauli 10,000. Jumla 2,970,000. Mkutano mkuu, yaani ukumbi, chakula, fulana zenye nembo na ile bahasha ya 5,000 tuliyogawiwa sote, umekula 1,450,000. Kuwamba ngoma: 180,000.

Mkaguzi hakuona kosa, na kosa la kihesabu kweli halipo. Kila shilingi ina risiti na muhtasari wa kikao. Angekuwepo mwizi tungemfukuza mambo yakaisha. Hapa tumekaa sisi wenyewe, tumenyoosha mikono, tukaidhinisha chama kitumie karibu asilimia 69 ya mapato yake kujiendesha.

Nchini Kenya vyama vinavyokusanya mirabaha ya wanamuziki, yaani malipo ya kazi zao zinapotumika, vimewekewa ukomo: gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 30, zinazobaki ziende kwa wenye kazi. Hata huko wasanii wamelalamika miaka nenda rudi kwamba fedha haziwafikii. Chama chetu hakikusanyi mirabaha, najua. Lakini wenzetu angalau wana namba ya kugombania. Sisi hatuna hata hiyo.

Mwaka jana kijana wetu mmoja wa sarakasi alianguka mazoezini akavunjika mkono. Tulikuwa tunafanyia kwenye uwanja wa shule, bila godoro. Tukaomba chama kisaidie hospitali. Jibu: fungu hilo halipo. Tukachangishana kwenye kundi la WhatsApp, huyu 2,000, yule 5,000. Wiki hiyohiyo kamati ilikaa siku mbili kupitia rasimu ya marekebisho ya katiba. Rasimu hiyo mpaka leo haijaletwa kwa wanachama.

Sisemi viongozi wafanye kazi bure. Mjumbe anayetoka Chanika mpaka mjini hawezi kutembea kwa miguu, na katibu wetu anapoteza siku nzima kufuatilia kibali kimoja. Alipwe, tena ikiwezekana aongezwe. Ninachokataa ni kikao kuwa ndiyo kipato. Posho ikihesabiwa kwa kikao, vikao havitaisha ajenda. Mwezi Agosti walikaa kupanga tarehe ya kikao cha Septemba. Nimeyaona kwenye muhtasari kwa macho yangu.

Nilisomea sanaa Bagamoyo, enzi hizo chuo kikiitwa bado Chuo cha Sanaa. Kabla ya onyesho tulikuwa tunazipasha ngoma kwenye moto ili ngozi ikaze. Kamati yetu inapasha ngoma Januari mpaka Desemba, na kuni ni zetu.

Uchaguzi ni mwezi ujao. Nitapendekeza kamati ipunguzwe iwe ya watu watano, ikae mara nne kwa mwaka, na katibu alipwe kwa mwezi badala ya kwa kikao. Kiwango cha posho kipangwe na wanachama wakati wajumbe wenyewe wamesubiri nje. Na uongezwe mstari mmoja kwenye katiba: gharama za uongozi na mikutano zisizidi theluthi ya mapato. Bahasha ya nauli ya wanachama ifutwe, yangu ikiwa ya kwanza.

Nimeshaambiwa na rafiki mmoja kwamba hoja ya kufuta bahasha haitapita. Huenda. Siku hiyo nitatoka nyumbani nimekula.

Mpiga ngoma,
Mbagala, Dar es Salaam