Yule mwenye uso mwekundu

Mwanangu Akinyi,

Hujambo huko shuleni? Huku Kisumu sisi ni wazima, na nyanya yako anakusalimu sana.

Unakumbuka nilivyokufundisha kuwapiga buibui kwa ndara kila walipoonekana ukutani? Nilikosea, mwanangu. Tangu mvua zianze nimekuwa nikiwatazama kila asubuhi, na sasa nawajua: ni buibui warukaji.

Buibui mrukaji hategi tandabui. Huwinda kwa macho. Anayo manane, na mawili ya mbele ni makubwa mno kwa umbo lake. Ukisogea, naye anageuka kukutazama; hapo hutamchanganya na buibui mwingine. Akiruka huacha uzi nyuma yake, kwa hiyo akikosa mawindo haanguki hadi chini.

Yule bapa wa kijivu anayeota jua kwenye ukuta wa nje ni mrukaji aitwaye Menemerus. Mweusi mwenye mistari myeupe na vitone viwili karibu na mwisho wa tumbo ni dume la mrukaji mwingine, Plexippus, na jike lake ni la kahawia kiasi kwamba kwanza nilidhani ni aina nyingine.

Lakini ninayetaka umjue ni mdogo zaidi, hata hafikii punje ya mchele kwa urefu, na uso wake ni mwekundu. Wataalamu walimpa jina mwaka 2003: Evarcha culicivora. Makao yake ni huku kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria. Anapenda damu lakini hawezi kututoboa ngozi, basi humkamata mbu jike aliyekwisha kushiba damu, hasa Anopheles, huyu wa malaria. Humtambua kwa jinsi anavyotua, tumbo limeinuka juu. Hata harufu yetu humvuta: walipojaribiwa kwa soksi zilizovaliwa na soksi safi, walizipendelea zilizovaliwa. Nikazikumbuka soksi zako nyuma ya mlango, na zile usiku nilizokukanda kwa maji ulipokuwa na homa. Huenda mmoja wao alikuwa palepale ukutani, nami nimeshika ndara.

Neti utaendelea kulalia, hilo halibadiliki.

Ukimwona mmoja bwenini, mpige picha ya uso na ya mgongo, zote mbili, kisha mwache. Huyu wetu leo alikuwa nyuma ya mlango wa bafu. Nimemwomba baba yako asipitishe ufagio hapo mpaka uje likizo.

Mama yako