Mama Neema, punguza orodha yako

Brattleboro, Vermont

Mama Neema mpendwa,

Salaam nyingi kwako, kwa Baba Neema na watoto. Huku sisi hatujambo. Theluji imeyeyuka na barabara ya kwetu imekuwa tope tupu, si unaijua Vermont msimu huu. Barua yako imenifurahisha mno. Kwamba maktaba ya hapo Concord, New Hampshire, imekuomba wewe uongoze jioni ya dansi za kontra, hizi za jadi za huku New England ambazo mmoja anaita hatua na wengine wanazifuata, Wakongo na Warundi wa mtaani kwenu pamoja na wenyeji, wazee kwa watoto! Hukukosea kukubali, na wala usiwe na wasiwasi.

Ila orodha yako ya dansi, dada yangu, ipunguze. Najua umechagua zile tunazozipenda pale ukumbi wa Guiding Star Grange, Greenfield, Massachusetts. Lakini pale nusu ya watu wanacheza kila wiki, na mgeni akipotea kuna mikono ya kumshika na kumfikisha anapotakiwa kabla hajaona haya. Kwako wote watakuwa wageni kwa mpigo mmoja. Kila dansi uliyoiandika iulize swali hili: mtu akikosea, atarudi mahali pake baada ya muda gani? Kama jibu ni hatua nane, iweke. Kama jibu ni kwamba hatarudi mpaka muziki uishe, itoe.

Kwa kipimo hicho, ile ya kusukana watu wanne, ambapo mnapishana bila kushikana mikono, itoke moja kwa moja. Na mnyororo wa wanawake, ule ambao wanawake wawili wanavuka katikati na kuzungushwa na mwenzi wa mwingine, utoke pia. Zote mbili zinakutaka ujue kila saa uko upande gani na mwenzako yuko wapi, na mmoja akipotea anawapoteza watatu, kisha wale wanne wanakwenda kuwachanganya wanaofuata.

Hata kontra yenyewe ya mistari miwili mirefu ningeiacha mpaka mwisho wa jioni, au nisiiite kabisa. Unajua inavyokwenda: kila duru, yaani dansi nzima mara moja, ikiisha, jozi namba moja wanashuka nafasi moja na jozi namba mbili wanapanda. Wakifika ukingoni wanasubiri duru nzima, wanabadilishana upande, kisha wanarudi wakiwa namba nyingine. Kwangu mimi hakuna mahali pagumu kwa mgeni kuliko pale ukingoni. Mtu amesimama peke yake na mwenzake, hana wa kumwiga, muziki unaendelea, na wakati wa kuingia tena ukifika anaingia kwa upande usio wake.

Tumia badala yake duara la wawili kwa wawili, lile wanaloliita huku la Sisili. Panga watu kuzunguka ukumbi wote, kila jozi ikitazamana na jozi nyingine, ili jozi moja iwe inatazama mwendo wa saa na nyingine kinyume chake. Halina ukingo, kwa hiyo hakuna wa kusubiri. Dansi iwe hii: wanne washikane mikono wazunguke kushoto hatua nane, warudi kulia nane. Nyota ya mkono wa kulia nane, yaani wanne waunganishe mikono ya kulia katikati na kuzunguka, kisha nyota ya kushoto nane. Dosido, kule kuzungukana mgongo kwa mgongo na kurudi mahali pako, na unayetazamana naye nane, kisha dosido na mwenzako nane. Jozi zishikane mikono ziende mbele na nyuma nane, kisha zipishane nane, kila mmoja akipita bega la kulia kwa bega la kulia, na hapo wanakutana na jozi mpya. Jumla hatua 64, sawasawa na wimbo mmoja wa sehemu A mara mbili na B mara mbili.

Tazama inavyojirekebisha. Mtu akienda kulia wakati wenzake wanakwenda kushoto, mikono yenyewe inamrudisha. Akisahau dosido, anasimama tu, na hatua nane baadaye mwenzake yuko pale pale. Hata wawili wakibadilishana upande kwa bahati mbaya, hakuna kinachovunjika, kwa sababu hakuna hatua inayouliza nani wa kushoto na nani wa kulia. Huku siku hizi wachezaji wanaitwa kwa majina ya ndege wawili, Lark (left) na Robin (right), ili herufi ya kwanza ya jina imkumbushe mtu upande wake kwa Kiingereza. Ni mpango mzuri, lakini kwa jioni yako huhitaji kuufundisha. Mwanamke na mwanamke, bibi na mjukuu, baba na mtoto wa miaka sita, wote ni jozi halali.

Na hapa nakuja kwenye jambo ambalo wenyeji hawatalifikiria, wewe lazima ulifikirie. Katika duara hili kila mtu atashika mkono wa watu wengi. Wako wakwe watakaokuja na wakwe zao, na wako akina mama wasiopenda kushikwa na mwanamume wasiyemjua. Kumbuka kwamba jozi zinazotazama upande mmoja hazikutani hata mkicheza usiku kucha. Mama mkwe na mkwewe wa kiume waelekeze mwendo mmoja, basi, heshima imebaki mahali pake na hakuna aliyelazimika kueleza. Kwa wanaoona haya, nyota inaweza kufanywa kila mmoja akishika kifundo cha mkono wa aliye mbele yake, juu ya mkono wa nguo, na huo ndio mtindo wa kontra kwa kawaida. Kule kuzungushana kwa kukumbatiana kiunoni usikufundishe kabisa. Waambie washikane mikono miwili, wajivute nyuma kidogo kila mmoja akimbeba mwenzake, watazamane usoni ili wasipate kizunguzungu. Inatosha, na inapendeza.

Sasa kuita. Nimekusikia ukisimulia hadithi, sauti unayo. Kinachobaki ni wakati wa kusema. Wito unatangulia hatua: watu wakiwa wanazunguka kushoto, hesabu moja mpaka nne unyamaze, kisha kwenye tano, sita, saba na nane useme “sasa rudini kulia”, neno la mwisho liishie kwenye nane. Moja inayofuata, miguu yote imegeuka. Ukingoja useme kwenye moja, wanakusikia wakiwa wameshachelewa, na ukumbi mzima unaburuzwa nyuma ya muziki hadi mwisho. Jizoeze jikoni na redio ikipiga, mkono mmoja ukigonga meza, mpaka kinywa kizoee kufungua kwenye tano.

Ndiyo maana wazo lako la kuita kila kitu kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza halitawezekana muziki ukiwa umeanza. Pigo nne hazibebi lugha mbili. Eleza kwa lugha zote mbili wakati wa kuipitia dansi bila muziki, ukiinua mkono kuonyesha upande. Dansi yenyewe ita kwa lugha moja. Ya kwanza iwe kwa Kiswahili! Wenyeji watajifunza “kushoto” na “kulia” kwa miguu, na mara hii watakuwa wao wanaowatazama Wakongo kujua la kufanya. Hilo peke yake nalitamani sana nilione. Akina mama wengi wa hapo kwenu ni waimbaji wa kwaya, wameshazoea kugeuka pamoja kwenye hesabu ya nane. Watawanye katika duara, usiwaache wote pamoja pembeni.

Kuipitia bila muziki kusiwe kurefu. Mara moja polepole, mara ya pili kwa mwendo wake, basi. Watu wakisimama sana wanaanza kuongea, na ukiwapoteza hapo kuwarudisha ni kazi. Wimbo ukianza, ita kila neno duru tatu au nne za mwanzo, kisha punguza: “nyota” tu, “dosido” tu. Ukiona wanajua, nyamaza kabisa uwaache na muziki. Zikibaki duru mbili, wainulie wapiga muziki vidole viwili, na duru ya mwisho urudi kuita ili wamalize pamoja.

Kuhusu wapiga muziki: hujaniambia ni akina nani. Waombe mwendo wa mapigo kama 110 kwa dakika. Hapa tumezoea karibu 120, lakini kwa watoto na wazee huo ni mbio. Kwa 110 duru moja ni kama sekunde 35, kwa hiyo duru kumi na mbili ni dakika saba, na kwa wageni hizo ni nyingi za kutosha. Waombe pia nyimbo ambazo mwisho wa kila sehemu unasikika wazi, jigi au rili, zile nyimbo za dansi za mwendo wa haraka, zisizo na madoido. Kama kuna mwenye kodiani, mfurahie. Mimi nikiisikia kodiani kwenye dansi hizi namkumbuka babu na dansi ya mwomboko ya Murang'a, jozi kwa jozi, na yule wa kugonga chuma pembeni.

Kwa ufunguzi fanya duara moja kubwa lisilohitaji mwenzi, ili wanaochelewa wapenye tu. Baadaye Virginia Reel, ile ya mistari miwili inayotazamana, lakini jozi tano au sita kwa kila mstari, zisizidi, maana kila jozi inasubiri zamu yake ya kuongoza na watoto hawana subira hiyo. Dansi nne kwa jioni nzima, na ile ya Sisili uirudie.

Uliandika kwamba unaogopa waliozoea kontra wataona umewaletea mambo ya watoto. Hapana, Mama Neema. Dansi hizi zilikuja New England na walowezi kutoka Uingereza, na watu walizicheza jikoni, meza imetolewa nje, babu na mjukuu katika mstari mmoja. Jirani yenu wa Canterbury, Dudley Laufman, ndiye aliyewavuta vijana wengi kwenye kontra miaka ya 1960, na baadaye alibeba fidla yake mashuleni na harusini akiita dansi nyepesi kabisa. Mwaka 2009 taifa lilimpa National Heritage Fellowship, heshima kubwa kuliko zote hapa kwa sanaa za jadi. Hakuna aliyemwambia ni za watoto. Anayetaka ngumu, Greenfield ipo, aje Jumamosi.

Niandikie upesi kuhusu ukumbi una upana gani na muziki ni wa nani. Kama ni wa kanda, nitakutafutia rekodi inayorudia wimbo mara kumi na mbili bila kukatika, maana nyingi huishia kwenye mara tatu. Mie na Baba Tumaini tutakuja na gari mchana, tusaidie kusogeza viti, na ukitaka nitasimama katika duara upande wa pili wa ukumbi, mbali na maikrofoni, ili wasiokuona wawe na wa kumwiga. Wali nitapika mimi, wewe usijisumbue siku hiyo.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Tumaini